Kliniki ya private iliyowaambia wamama wote wa kanisa letu ni wagonjwa, isipokuwa mmoja

Wakuu, chamgei. Mlio nyumbani na mlio kazini mkijifanya mnafanya kazi, wote nawasalimu.

Nimekaa humu miaka mingi nikisoma tu mambo ya watu. Leo naandika kwa sababu jana mke wangu alirudi kutoka screening ya kifua mjini, nikamuuliza huko kulikuwaje. Akaniambia, "Kuzuri sana, wameweka vigae mpaka choo."

Hapo nikakasirika, na yeye hakujua nimekasirikia nini. Kwa hivyo naandika hapa, kisha nitampa simu asome.

Mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine yalitendeka ndani ya chumba ambacho mimi siwezi kuingia, kwa hivyo nayasema vile mama alinisimulia. Chumvi sijaongeza. Kliniki siitaji, daktari simtaji.

Jambo lingine kabla hatujaenda mbali. Hii ni habari ya matiti, mimi ni Mkipsigis niliyelelewa vizuri, na mmoja wa wanaohusika ni mama yangu mzazi. Nitakuwa nikisema kifua. Mtanielewa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na duka la dawa za mifugo pale Boito, na pickup ambayo ilikuwa yangu siku za kuweka petroli na ya kanisa siku zingine zote.

Jirani yetu alikuwa Mama Achieng. Walikuja kutoka upande wa ziwa zamani, mumewe akaandikwa kwa boiler ya kiwanda cha chai. Kipsigis chake kilikuwa kizuri kuliko cha binamu zangu wengine. Alikuwa anachuma chai kwa shamba letu pamoja na mama, mstari huu na ule, na asubuhi ikisonga walikaa chini hapo hapo katikati ya majani wakanywa chai. Leo thermos ya mama, kesho thermos ya Mama Achieng.

Mama alisema chai ya Mama Achieng haina maziwa ya kutosha. Mama Achieng alisema chai ya mama ni maziwa yaliyoonyeshwa jani kwa mbali. Walibishana hivyo tangu niko primary, na hakuna aliyewahi kuacha hata tone kwa kikombe.

Sasa, mjini Kericho kukafunguliwa kliniki ya private, na ikatuma mtu kanisani kwetu kutangaza mashine ya kupiga picha ya kifua. Inaona ugonjwa kabla mwenyewe hajausikia. Chama cha akina mama kikaamua kwenda wote siku moja, mimi niwapeleke.

Kabla ya siku hiyo Mama Mchungaji, ambaye ndiye alikuwa kiongozi wao, akaita mkutano. Hoja ilikuwa moja. Mama akichuma chai, kamba ya kapu na ile aproni ya plastiki vinamkwaruza hapa mbele mwaka mzima. Ngozi inakuwa kavu, inapasuka.

"Hatuwezi kuvulia daktari nguo na ngozi kama ya kiazi," Mama Mchungaji alisema. "Atasema watu wa Boito ni watu gani?"

Wakakubaliana kila mtu ajipake mafuta ya kukamulia. Kwa wale wa mjini, haya ni mafuta mazito ambayo tunapaka chuchu za ng'ombe ili zisipasuke. Huku kwetu ng'ombe anapakwa, halafu mikono ya mkamuaji, halafu uso wa mtoto anayeenda shule. Hakuna kitu kizuri kwa ngozi kama hicho, na bado ninayauza. Shida yake ni harufu ya zizi, kwa hivyo wakaongeza kwamba juu ya mafuta ipakwe poda, na iwe ya kutosha.

Wiki hiyo niliuza mikebe mpaka nikaagiza mingine. Nilifikiri ng'ombe wamepatwa na jambo.

Asubuhi ya safari Mama Mchungaji aliwakagua nyuma ya kanisa mmoja mmoja. Huo ndio ulikuwa ukaguzi wa ubora wa kwanza na wa mwisho katika habari hii yote, mpaka tulipofika Nakuru.

Aliyeanguka mtihani ni Mama Achieng. Alikuwa ameamka kuchuma kwanza ili majani ya siku yasipotee, akanawa kwa bomba, akaja vile alivyo. Mama Mchungaji alimwangalia kama mtu aliyekuja kwa harusi na gambuti. Mama akasema, "Wacha yeye. Daktari ataona kapu yetu inafanya nini kwa watu."

Tukaenda.

Kliniki ilikuwa safi, hilo siwezi kukataa. Sakafu ya vigae vinavyong'aa, maua ya plastiki, viti vizuri mpaka unaogopa kuegemea, dettol unaisikia kutoka barabarani. Daktari alikuwa na tai. Wamama walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na wakaambiana kwa sauti ya chini kwamba hapa ndipo mahali.

Mimi nilipomwona mtu wa mashine nilishtuka kidogo, kwa sababu tulikuwa tunajuana. Alikuwa na studio ya picha karibu na stage. Ndiye alinipiga picha ya kitambulisho. Kumbe alikuwa mpwa wa daktari, na daktari aliponunua mashine akaona picha ni picha.

Nilimsalimia, akanisalimia, nikatoka nje nikangoja kwa gari. Mnisamehe, wakati huo mimi pia niliona picha ni picha.

Mama anasema ile mashine ina vibao viwili, kifua kinawekwa katikati, kinafinywa. Jamaa alikuwa na adabu sana. Alikuwa akiwaambia, "Mama, inua kidevu. Usipumue. Tabasamu kidogo." Mlango hakuufunga, ili kupate hewa, na kila aliyekuwa akingoja kwa laini alikuwa anaona mwenzake.

Ilipofika zamu ya Mama Achieng, upande wa kushoto ukamuuma sana. Alipiga nduru nikaisikia kutoka kwa gari. Jamaa akashtuka, akalegeza vile vibao, akamwambia pole mama, hatuko hapa kuumiza mtu, akapiga picha hivyo hivyo ikiwa imelegea.

Njiani kurudi wote walisema huyo ni mtu aliyelelewa na mama. Alipewa baraka nyingi kwa ile pickup.

Nimerudi wakuu, nilienda kukamua. Tuendelee.

Tukarudi kwa majibu. Daktari aliwaita mmoja mmoja, nami safari hii nilikaa ndani. Wa kwanza, Mama Mchungaji, alitoka ameshika ukuta. Wa pili akatoka analia. Mama yangu akatoka akakaa kando yangu, akanyoosha leso yake magotini, akasema, "Kibet, niko na madoa nyeupe ndani. Wanataka kukata."

Nikauliza kukata wapi. Swali la kijinga. Akasema, "Yote mbili."

Kila mmoja aliyeingia alitoka na madoa meupe. Daktari aliwaonyesha film kwa taa, na kweli yako, vinukta vinukta, na akawaambia hivyo ndivyo ugonjwa mbaya unavyoanza. Wangekatwa hapo hapo kwake, kwa zamu, na asingependa wachelewe.

Wote isipokuwa Mama Achieng. Kwake film ilikuwa haina kitu. Daktari alimshika mkono akamwambia, "Wewe mama uko safi. Nenda nyumbani ushukuru Mungu."

Kurudi hakuna aliyeimba. Mama Achieng alilia njia yote kwa ajili ya wenzake, na hakuna aliyembembeleza, kwa sababu yeye hakuwa na shida.

Huko kwetu maelezo hayakukosekana. Wengine walisema ni mbolea. Wengine maji ya mto. Mzee mmoja alikuja dukani kwangu akasema ni dawa za kupe ninazouza, kisha akanunua ya kwake akaenda.

Kitu ambacho hakuna aliyeuliza, hata mimi, ni ugonjwa gani huu unaoshika watu kwa kufuata chama cha kanisa.

Wakuu, niliogopa. Mama alianza kugawa vitu. Dada yangu akapewa kitambaa cha kichwa kile kizuri cha Krismasi. Baba akaonyeshwa mahali chumvi inawekwa, mtu ambaye alikuwa amekula chumvi kwa nyumba hiyo maisha yake yote. Nilikuwa nafungua duka nakaa tu, mteja akiuliza kitu namwambia hakuna, na kiko mbele yake.

Jumapili iliyofuata Mama Achieng alisimama kanisani kutoa shukrani. Alileta kuku. Alisimulia vile daktari alimwambia yuko safi, na akamshukuru Mungu kwa machozi. Wale wengine wote walikaa bench ya mbele na madoa yao, wakamwimbia wimbo. Sijawahi kusikia wimbo wa furaha ukiimbwa vile.

Aliyetuokoa ni baba, na hakukusudia. Jioni moja akasema, "Hata ng'ombe mtu akisema ana ugonjwa wa kupe, tunaita mtu wa pili aangalie."

Mama alinuna kwa kufananishwa na ng'ombe. Lakini asubuhi alikuwa amevaa, anangoja kwa pickup. Tukaenda Nakuru, kwa hospitali kubwa ambayo rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka na bench ya kungojea ilikuwa na mguu mmoja wa tofali. Mama aliangalia hiyo bench, akaniangalia mimi.

Alikuwa amejipaka tena. Mafuta na poda, ukaguzi wa Mama Mchungaji bila Mama Mchungaji.

Mtu wa mashine huko alikuwa mama mnene mwenye sauti ya mkuu wa shule. Aliingia na mama, mlango ukafungwa. Baada ya muda kidogo mlango ukafunguliwa, akatoka akiwa ameshika pamba iliyokuwa nyeupe na inateleza.

"Nani hapa anauzia hawa wamama mafuta ya ng'ombe?"

Niliinua mkono. Watu wote kwa corridor waliniangalia.

Akanieleza, na wote wakasikia, kwamba poda ikishikwa na mafuta kwa ngozi inaonekana kwa picha kama vile vinukta vya ugonjwa. Kwamba mtu yeyote aliyefundishwa hiyo kazi anauliza umejipaka nini kabla hajagusa mashine, na ukikataa anakupangusa. Kwamba mama yangu amepanguswa, amefinywa kama inavyotakiwa, na hana kitu.

Nikauliza, "Hana kitu kabisa?"

"Ana mafuta," akasema, akarudi ndani.

Tukaondoka, tukapita Njoro. Hapo mama akaanza kucheka huku akilia, na mimi nikaegesha kando kwa sababu sikuwa naona barabara vizuri.

Wengine wakaenda pia kwa zamu, wakapanguswa, wakarudi na matiti yao. Haya, nimelisema. Baba na Mchungaji walimwendea daktari wa Kericho. Akawaambia mashine yake ni nzuri, ni akina mama ambao hawakuja wakiwa tayari. Akabandika karatasi mlangoni: USIJIPAKE MAFUTA. Kazi ikaendelea. Watu wakaona yameisha.

Mama hakuona yameisha.

Wanaouza majani ya chai wanajua hii. Karani wa kituo cha kununulia chai akipatikana mzani wake una shida, kila gunia lililopimwa siku hiyo linashuka kwa lori na kupimwa upya. Kila gunia, hata la yule aliyeenda nyumbani akifurahia kilo zake. Hiyo ndiyo kawaida ya kituo, na hakuna wa kulia.

Kesho yake kwa shamba mama akamwambia Mama Achieng, "Ile mashine imedanganya mimi. Imedanganya Mama Mchungaji. Na wewe je? Si gunia yako pia irudi kwa mzani?"

Mama Achieng akacheka. "Mama Kibet, mimi nilikuwa msafi, sikupaka kitu. Ndiyo maana picha yangu ilitoka vizuri."

"Na ulipolia akalegeza. Huyu wa Nakuru hakulegeza. Nililia na hakulegeza."

Hapo Mama Achieng akaacha kucheka. "Nilisimama mbele ya kanisa nikasema asante. Kuku ililiwa. Sasa niende nimwambie Mungu nilikuwa nimeharakisha?"

Mama Achieng akafungua thermos, maana ilikuwa siku yake, akamimina, akampa kikombe.

Mama akasema, "Sinywi."

Mtu asiye wa huku anaweza kuona hiyo ni kitu kidogo. Huku mtu akikukaribisha chai unakunywa. Uwe umeshiba, uwe umechelewa, uwe umekuja kudai, unakunywa kwanza. Kukataa chai ya mtu ni kusema hadharani kwamba humwamini, na watu wataanza kujiuliza ni kitu gani anaweka ndani.

Mama alikataa siku hiyo. Akakataa siku nyingine ya zamu ya Mama Achieng. Siku zake yeye alimimina kama kawaida akampa mwenzake, na Mama Achieng akinywa machozi yanataka kutoka. Habari zikafika sokoni. Wakaanza kusema vitu vibaya juu ya huyo mama na kabila lake, na mama aliposikia akaenda akamgombeza aliyesema, mbele ya watu. Lakini chai hakunywa.

Mume wa Mama Achieng alikuja dukani jioni moja na nguo za kazi. Akaniuliza, "Kibet, sisi tumewakosea nini?" Mwanaume hawezi kumweleza mwanaume mwenzake juu ya kifua cha mke wake. Nikamwambia amuulize mama.

Ilichukua majuma. Mwishowe siku moja Mama Achieng alisimama katikati ya mistari, akachukua thermos nzima, imejaa, akaimwaga chini. Mimi nilikuwa hapo nikipakia magunia.

"Twende!" akasema. "Twende hiyo Nakuru yenu, nipigwe picha, nipatikane mzima, halafu utakunywa chai yangu mbele ya hawa watu wote mpaka iishe!"

"Nitakunywa," mama akasema.

Nikawapeleka. Walikaa mbele na mimi. Mama Achieng alikuwa amebeba thermos mpya magotini, tayari kwa hukumu.

Mlango ukafungwa. Nikasikia ile nduru, ile ile ya Kericho. Kisha nikasikia yule mama wa mashine kwa sauti yake: "Lia mama, lia kabisa, lakini usisonge." Hakulegeza.

Walipotoka waliambiwa wangoje, daktari anaitwa. Huwa hawaiti daktari kama hakuna kitu. Sisi wote watatu tulilijua hilo, tukakaa kwa ile bench ya tofali.

Mama akasema, "Sasa nipatie chai."

Mama Achieng akamwangalia. "Bado hatujaambiwa."

"Nipatie."

Akamimina. Chai ikamwagika kidogo kwa leso ya mama. Mama akanywa yote, akarudisha kikombe, akasema, "Maziwa bado ni kidogo."

Ilikuwa upande wa kushoto. Kitu kama punje ya mahindi, ndani kabisa, mahali ambapo picha ya kulegea haiwezi kufika. Daktari wa Nakuru alisema wamekuja mapema, na kwamba angekaa na ile shukrani yake mwaka mwingine, mazungumzo yangekuwa mengine.

Walimkata. Alipona. Lakini mkono wa kushoto ulivimba na haukurudi sawa, na mtu hawezi kubeba kapu na mkono huo. Akaacha kuchuma. Baadaye walihamia Kedowa kwa binti yao, akaanza kuuza viazi na kabichi kando ya barabara.

Kabla hajahama alisimama tena kanisani. Alikuja na kuku mwingine. Tulijua atashukuru daktari, au Mungu, au wote wawili. Akasema tu, "Namshukuru Mungu kwa jirani aliyenikatalia chai." Akakaa. Mama aliinama akatafuta kitu kwa mkoba ambacho hakikuwepo.

Kliniki ile siku hizi ni hardware. Vigae ni vile vile. Jamaa wa picha alirudi studio, na huko, kusema ukweli, alikuwa mzuri.

Somo langu wakuu ni hili. Aliyeambiwa mgonjwa na ni mzima atapiga kelele, ataenda Nakuru, wazee watamwendea daktari. Aliyeambiwa mzima na ni mgonjwa anachinja kuku. Kwake hakuna malalamiko, kwa hivyo hakuna anayejua mashine imekosea. Kama kituo kimepatikana kibaya, gunia lako pia lirudi kwa mzani, hata kama ulipenda kilo zako.

Semeni na nyinyi yaliyowapata, hasa akina mama wa humu, mimi nasikiliza na sitaona aibu. Ila kuna mtu mmoja nataka anijibu kwanza.

Mke wangu, kama umefika hapa, vigae nimesikia. Walikuuliza umejipaka nini? Walifunga mlango? Walikufinya mpaka ukalia, na ulipolia wakakataa kulegeza?

Kama hapana, kesho tunaenda Nakuru. Na mpaka hapo, chai yako sinywi.